Gasketi Huungua kwa Sababu

Gari lililopakia viazi, pamoja na watoto watatu na mama yao, linapanda mlima kati ya Kabale na Kisoro. Mshale wa joto umekwisha kupita katikati, lakini dereva anajiambia moyoni kwamba kilele ki karibu, na kwamba akifika huko atapumzika. Kabla ya kilele mvuke unafumka chini ya boneti, injini inapoteza nguvu, inagonga mara mbili tatu, inazima. Baba anashuka, anainua boneti, na kwa haraka ya mtu aliyeona haya mbele ya jamaa zake anapeleka mkono kwenye kifuniko cha rejeta. "Baba watoto, acha hicho!" mama anamkemea kutoka ndani ya gari.

Mama amesema kweli. Maji yaliyomo katika rejeta yenye moto yamefungiwa kwa shinikizo, na kifuniko kikifunguliwa yote huchemka kwa mara moja na kumrukia mfunguaji usoni. Wako watu waliopata makovu ya maisha kwa haraka ya dakika moja. Yafaa kungoja, hata ikiwa ni saa nzima, mpaka rejeta iweze kushikwa kwa kiganja. Tena ni vibaya kumwagia maji baridi injini iliyoungua, kwa kuwa chuma chenye moto kikipatwa na baridi ghafula huweza kupasuka, na ufa hauna gasketi ya kuuziba.

Gari la mfano wetu ni Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Majeshi na polisi wa Afrika ya Mashariki waliyatumia sana magari haya, na hata leo baadhi yake yangali mikononi mwa watu wa kawaida. Injini yake ni nyepesi kueleweka, haina mkanda wa ndani wala mitambo ya umeme yenye siri. Ndiyo maana ni mwalimu mwema kwa yeyote anayetaka kujua kama kazi ya kubadili gasketi ya kichwa yaweza kufanyika uani kwake. Lakini neno moja litangulie. Yanayosemwa hapa yahusu gari la mtu binafsi. Gari la serikali hupelekwa karakana ya kikosi hata kama dereva wake ni fundi hodari, kwa sababu bolti moja ikipotea uani huwa mashitaka.

Injini ina sehemu mbili kubwa zilizofungwa pamoja. Chini ni bloki, ambamo pistoni hupanda na kushuka, na juu ni kichwa, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, penye valvu na plagi. Kati yao hulazwa bamba jembamba lililotobolewa matundu mengi, ndilo gasketi. Bamba hilo hulinda mipaka mitatu kwa wakati mmoja: moto wa petroli inayolipuka usitoke ndani ya silinda, maji yapitayo pembeni yasiingie kwenye moto wala kwenye oili, na oili isiende mahali pengine ila pake. Mpaka mmoja ukivunjwa, jirani wote huingiliana.

Dalili hutegemea mpaka uliovunjika. Maji yakiingia ndani ya silinda, moshi mweupe mzito hutoka katika bomba la ekzosi hata injini ikiwa imekwisha kupata moto, na rejeta hupungua kila siku bila ya tone kuonekana chini ya gari. Hewa ya mlipuko ikiingia kwenye maji, mapovu huonekana katika rejeta injini ikinguruma, na mipira ya maji huvimba na kuwa migumu mapema kuliko kawaida. Silinda mbili zilizo jirani zikipasuliana ukuta, injini hutetemeka na kukosa nguvu, na fundi akizipima huona zote mbili zimeshuka shinikizo ilhali wenzao wazima.

Dalili inayoogopwa kuliko zote ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapa pana haja ya kutochanganyikiwa. Katika miji ya baridi kama Kabale, gari linalokwenda sokoni na kurudi tu bila ya kupata moto hufanya ute mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kutilia oili, nao ni jasho la asubuhi, si gasketi. Hakika hupatikana kwa njia rahisi. Gari lilale usiku kucha bila ya kuguswa, kisha asubuhi bolti ya chini ya sampu ilegezwe polepole juu ya chombo safi. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, na ikiwa yamo yatatangulia kutoka. Kama yametoka, gari lisiwashwe tena hata kwa kusogezwa uani. Oili yenye maji haiwezi kulinda beringi za krankshafti, na beringi zikisagika hasara itakuwa kubwa mara nyingi kuliko bei ya gasketi.

Sasa ndipo watu wengi hukosea. Hununua gasketi, humwita kijana mwenye spana, hufunga, hushukuru, na baada ya miezi miwili hurudi dukani kununua nyingine, huku wakilaumu muuzaji. Gasketi ya injini kama hii kwa kawaida haifi kwa uzee peke yake. Huuawa na joto, na joto lina chanzo chake. Mwenye gari asiyekitafuta chanzo hicho amebadili bandeji, kidonda amekiacha.

Katika safari ile ya Kisoro chanzo chaweza kuwa kitu kidogo cha kuchekesha. Mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000, maji yaliyo wazi huchemka katika nyuzi 93 hivi, wala si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa kila ratili moja ya shinikizo katika inchi ya mraba huongeza kiasi cha nyuzi moja na nusu. Kifuniko ambacho mpira wake umekatika au springi yake imelegea hakibani kitu. Bondeni gari huenda salama, mlimani huchemka. Dereva huulaumu mlima.

Zipo sababu nyingine. Mkanda wa feni ukilegea huteleza juu ya pampu ya maji, na pampu hugeuka kwa uvivu. Ukisukumwa kwa kidole gumba katikati unapaswa kubonyea kiasi cha sentimita moja tu. Rejeta iliyojazwa maji ya mtoni kwa miaka huziba kwa tope na kutu, nayo hujulikana kwa kupapaswa, kwa kuwa sehemu iliyoziba hubaki baridi wakati jirani zake zina moto. Basi injini izimwe kwanza na feni isimame kabisa kabla ya mkono kuingia humo. Pampu ikivuja huacha alama ya kutu chini ya shafti yake.

Halafu kuna thamostati, mlango mdogo unaozuia maji mpaka injini ipate moto. Ikikwama katika hali ya kufunga, injini huchemka hata kwenye tambarare. Baadhi ya mafundi huitoa na kuitupa, wakisema nchi za joto haziitaki. Hilo si shauri zuri, kwa maana injini isiyofikia moto wake hula petroli zaidi na kuchakaa upesi, na huko milimani asubuhi haipati moto kabisa. Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundikwe kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, maji yatiwe moto polepole, na itazamwe. Digrii za kufungukia zimepigwa muhuri juu yake. Maji yakifika hapo nayo ikakataa kufunguka, inunuliwe nyingine. Sufuria hiyo iwe kuukuu, na mama mwenye jiko aombwe ruhusa kabla, si baada.

Ikiwa chanzo kimejulikana na seti ya gasketi iko mkononi, siku mbili za mapumziko zatosha kwa mtu asiye na mazoea. Kinachotakiwa zaidi ya spana ni mahali palipo safi na mtu wa kuandika. Mtoto wa darasa la sita aweza kuwa karani mwema kabisa: apewe kalamu na vipande vya karatasi, na kila waya, kila bomba na kila bolti inayotoka ipewe jina lake. Waya za plagi ndizo za kwanza, kwa kuwa injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na waya mbili zikibadilishana haitawaka ipasavyo. Namba 1 ni silinda ya mbele, upande wa rejeta.

Injini iwe baridi kabisa. Kichwa kikifunguliwa kingali na moto chaweza kupinda. Waya wa betri hutolewa kwanza. Maji humwagwa katika chombo, yasiachwe ardhini, hasa ikiwa yametiwa dawa ya rejeta ya rangi. Dawa nyingi za namna hiyo zina ladha tamu na ni sumu kali, na mbwa au mtoto mdogo aweza kuyanywa bila ya kujua. Mpira wa petroli uzibwe mara utolewapo kwenye kabureta, na siku hiyo jiko la mkaa lihamie upande wa pili wa nyumba. Kisha hutoka mipira ya maji, kabureta, manifoldi, na lile bomba dogo la oili linalopanda kutoka kwenye bloki hadi kichwani. Ndipo kifuniko cha juu hufunguliwa, na roka hulegezwa pamoja.

Chini ya roka kuna fito nane za chuma ziitwazo pushirodi. Kila mmoja umezoeana na mahali pake kwa miaka mingi na lazima urudi hapo hapo. Kipande cha boksi la katoni kilichotobolewa matundu manane na kuandikwa namba chafaa sana. Boksi jingine hufanywa kwa ajili ya bolti za kichwa, kwa kuwa si zote zenye urefu mmoja. Bolti zenyewe hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kwenda za katikati, mzunguko hata mzunguko, mpaka zote ziwe huru.

Kichwa cha injini hii ni cha chuma cha kusubu, na ni kizito. Kiinuliwe na watu wawili wenye nguvu, tena wapande mahali imara, wasijitie ubingwa. Kama kimegandamana na bloki, kisichokolewe kwa bisibisi, maana bisibisi huacha jeraha juu ya uso ambao unapaswa kuwa kama kioo. Kigongwe pembeni kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao.

Gasketi ya zamani isitupwe upesi, kwa kuwa ni shahidi. Ilazwe mezani na kusomwa. Penye alama nyeusi iliyovuka kutoka tundu la silinda hadi tundu la maji ndipo moto ulipopita, na kama alama iko kati ya silinda mbili, hiyo ndiyo sababu ya kutetemeka. Kama hakuna alama hata moja, basi yafaa kutia shaka kwamba ugonjwa ni ufa wa kichwa au wa bloki, na safari ya kwenda kwa fundi wa mashine imewadia.

Mabaki ya gasketi yaliyoshikana na chuma hukwanguliwa kwa upole. Gasketi nyingi za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mabaki yaloweshwe kwanza, yakwanguliwe yakiwa majimaji, yafungwe ndani ya mfuko, na watoto wasiwepo. Hata yule karani wetu apumzike. Brashi ya waya iliyo kavu na upepo wa pampu visitumiwe kabisa. Matambara yaziwe kwenye midomo ya silinda ili uchafu usitumbukie.

Baada ya usafi huja kipimo. Rula ya chuma iliyonyooka kweli huwekwa ubavuni juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na fila, yaani vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi, hujaribiwa chini yake. Vitabu vingi vya mafundi huweka mpaka kati ya milimita 0.05 na 0.10, kinachozidi hapo hupelekwa kuparazwa na mashine. Kichwa cha chuma cha kusubu hustahimili zaidi, lakini vichwa vya aluminiamu vya magari mengi ya siku hizi hupinda kwa kuchemka mara moja tu. Asiyepima na kufunga tu amecheza bahati nasibu kwa fedha za ada ya shule.

Matundu ya bolti katika bloki nayo yana hila. Yakibaki na maji au oili chini, bolti inapoingia huyasukuma yasiwe na mahali pa kwenda, nayo hulipasua bloki lenyewe. Yakaushwe kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Gasketi mpya hulinganishwa na bloki tundu kwa tundu kabla ya kulazwa, kwa sababu ikigeuzwa juu chini huziba njia ya maji au ya oili. Isipakwe gundi ila kitabu cha gari kikisema hivyo.

Kukaza ndiko kunakotenganisha fundi na mwenye misuli. Bolti kubwa za kichwa cha injini hii hukazwa kwa nguvu ya ratili 65 kwa futi, ambayo ni sawa na kilo 9 kwa mita. Iliyo bora ni spana maalumu ya kupimia nguvu, na mara nyingi fundi wa mtaani hukubali kuiazima kwa malipo kidogo. Ikikosekana kabisa, mizani ya kutundika inayopimia nafaka au samaki husaidia. Bomba imara huingizwa katika mkono wa spana, na alama huwekwa sentimita 50 kutoka katikati ya bolti. Ndoana ya mizani hufungwa kwenye alama, na mizani huvutwa kwa upole, ikifanya pembe mraba na bomba. Mizani ikisoma kilo 18, bolti imefika. Lakini haifikishwi kwa mkupuo mmoja. Mzunguko wa kwanza bolti zote hukazwa kwa kilo 8, wa pili kwa 14, wa tatu kwa 18, na kila mzunguko huanza katikati ya kichwa na kwenda nje kwa zamu, kulia na kushoto, kama mtu anayekunjua mkeka ili usiache mkunjo.

Asiwepo anayesema, "Ongeza kidogo iwe imara." Bolti iliyozidishwa hunyooka, na iliyonyooka haishiki.

Pushirodi na roka hurudishwa, kisha nafasi za valvu hupimwa kwa fila ya inchi 0.010, sawa na milimita 0.25, kwa valvu zote nane. Wajuzi wana hesabu ya tisa. Valvu huhesabiwa 1 hadi 8 kutoka mbele, injini huzungushwa polepole kwa hendeli plagi zikiwa zimetolewa, na valvu yoyote ikiwa imebonyezwa hadi mwisho, hupimwa ile ambayo namba yake ikijumlishwa na hiyo hupatikana 9. Ya 8 ikiwa chini hupimwa ya 1. Ya 6 ikiwa chini hupimwa ya 3. Karani aweza kurudi kazini hapa, na atafurahi kuona hesabu za shule zikifanya kazi.

Mwenye gari la aina nyingine asifuate vipimo hivi. Katika Peugeot 504 ya petroli, kuta za silinda ni mabomba yaliyopachikwa tu ndani ya bloki. Kichwa kikiwa kimetolewa, injini ikizungushwa mabomba hayo huinuka na kuharibu muhuri wake wa chini. Toyota nyingi zina mkanda au cheni ya taimingi ambayo alama zake zikikosewa, katika baadhi yake valvu hugongana na pistoni. Injini nyingi mpya zina bolti zinazokazwa kwa digrii na kutumika mara moja tu. Asiye na kitabu cha gari lake asianze.

Oili na chujio lake hubadilishwa hata kama oili ya zamani yaonekana njema. Rejeta hujazwa maji safi na dawa yake, na injini huwashwa nje, penye hewa, kwa kuwa moshi wa ekzosi katika banda lililofungwa huua bila ya harufu ya kutisha. Iachwe ingurume taratibu, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi tangu ilipokuwa baridi, mpaka mapovu ya hewa iliyofungiwa yaishe. Kisha kifungwe, na jicho lisitoke kwenye mshale wa joto. Moshi mweupe wa dakika chache za mwanzo usimtie mtu hofu, ni maji yaliyobaki katika bomba.

Injini ikisha kupata moto huzimwa na kuachwa ipoe hadi asubuhi. Ndipo bolti zote hujaribiwa tena kwa kilo zile zile 18 na kwa mpangilio ule ule, na nafasi za valvu hupimwa upya, kwa maana gasketi mpya hukaa chini kidogo baada ya moto wa kwanza. Kwa muda wa juma moja kijiti cha oili na rejeta hutazamwa kila alfajiri kabla ya kuwasha. Safari ya Kisoro ingoje juma hilo liishe, na kifuniko kipya cha rejeta kiwe kimekwisha kununuliwa. Sufuria ya thamostati hairudi jikoni.